Mezani kwa Shangazi: Gesti ya familia, sindano mbili na geti lisilo na saa

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 38, nimeolewa Nyegezi, Mwanza, katika familia inayoendesha nyumba ya kulala wageni yenye vyumba 9. Nyumba hii ilijengwa na marehemu baba mkwe, chumba baada ya chumba kadiri alivyopata fedha, na sasa tunaiendesha watu watatu, yaani mume wangu, mama mkwe na mimi, pamoja na dada mmoja wa kazi anayefua mashuka na kudeki. Chumba ni shilingi 20,000 kwa usiku, chai ya asubuhi ikiwamo. Wageni wetu wengi ni abiria wa stendi, wazazi wanaokuja kuwaona watoto wao chuoni Malimbe, na ndugu wanaouguza wagonjwa Bugando ambao wamekosa pa kulala karibu na hospitali.

Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, geti letu halina saa. Mgeni mmoja anabisha saa 7 usiku, mwingine saa 9, na wa kuamka ni mimi, kwa sababu mume wangu anashika shughuli za mchana, kama kununua umeme, kulipia maji na kufuatilia leseni na ushuru halmashauri, na mama mkwe huamka saa 11 alfajiri kukanda chapati. Nimeona kulala na kuamka kila baada ya saa moja ni mateso, kwa hiyo nakaa mapokezi nikifuma. Nafuma kwa sindano mbili, kama nilivyofundishwa na mama yangu. Sweta la mtoto wa miaka minane linakula gramu 350 za uzi, yaani mabonge 7 ya shilingi 2,000 kila moja, na linanichukua kama saa 25. Nauza shilingi 30,000. Kofia ya mtoto mchanga, vitanzi 72, pamoja na soksi zake, inamaliza bonge moja kwa saa 5 hivi, na seti hiyo nauza shilingi 10,000.

Mwezi uliopita nilipitiwa na usingizi nikiwa na sindano mkononi. Mgeni akabisha, nisisikie. Aliyesikia ni binti yangu wa miaka 13, aliyeko Darasa la Saba. Alichukua funguo, akafungua geti, akamwandikisha mgeni kitabuni, jina, kabila, atokako, aendako, yote kwa mwandiko wake mzuri, kisha akampeleka chumba namba 6. Siku hiyo alisinzia darasani, mwalimu akampigia simu baba yake, na ndipo ilipojulikana kwamba haikuwa mara ya kwanza.

Tangu hapo lawama ni moja tu, kufuma. Mume wangu anasema niache sindano, nishughulike na wageni. Mama mkwe hataki niache, ila anataka fedha za kufuma ziingie katika kapu la nyumba, kwa kuwa nafuma saa za kazi, tena chini ya taa ya gesti. Lakini fedha hizo mwaka huu nimezinunulia mashuka 12 ya gesti hiyohiyo, na hilo halisemwi na mtu.

Juzi mama mmoja kutoka Ukerewe, ambaye mwanawe alikuwa amelazwa, alishindwa kulala, akaja kukaa nami mapokezi na kuniomba sindano. Alifuma safu tatu za kofia bila kusema neno, vitanzi vimekazwa mno, akanirudishia, akaenda zake chumbani. Sijazifumua.

Je, niache kufuma?

Mwenye Funguo, Nyegezi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, nikipigia mstari kila palipo na tarakimu. Umenitajia gramu za uzi, bei ya bonge, vitanzi vya kofia na saa za sweta. Kuhusu gesti umenitajia idadi ya vyumba na bei ya chumba, basi. Hukuniambia vyumba vingapi hupata watu kwa usiku wa kawaida, wala fedha hiyo inagawanywaje, wala wewe mwenyewe unakesha saa ngapi kwa wiki, na nadhani hukuniambia kwa sababu hakuna anayejua. Katika nyumba yenu kazi iliyohesabiwa ni moja tu, nayo ni kufuma. Kwa kuwa imehesabiwa, inaonekana, na kwa kuwa inaonekana, imetwishwa mzigo wa yote yasiyoonekana. Ukiweka sindano chini kesho, utakesha vilevile, mikono mitupu, na usingizi utakupitia mapema zaidi.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usiache. Lakini kabla ya sindano kuna jambo la binti yako, na hilo halisubiri kikao.

Mtoto wa miaka 13 hafungulii wageni geti usiku. Mume wako ameudhika kwa sababu alisinzia darasani. Mimi nimeshtuka kwa sababu ya ile safari fupi kutoka mapokezi hadi chumba namba 6, mtoto mbele na funguo, nyuma yake mtu mzima asiyefahamika, na nyumba nzima imelala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa mtoto kuajiriwa au kupewa kazi, na hata aliyeufikia umri huo haruhusiwi kufanya kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Najua mtasema huyu hakuajiriwa, alimsaidia mama yake. Ni kweli, na nia yake ilikuwa njema, jambo ambalo mngepaswa kumwambia kabla ya kumgombeza. Hata hivyo funguo za vyumba zitoke mahali anapoweza kuzifikia usiku huu huu, naye aambiwe waziwazi kwamba akisikia mtu anabisha, kazi yake ni kukuamsha wewe au baba yake, basi. Kumsaidia bibi yake kupanga vikombe jioni ni malezi. Geti la saa 9 usiku limo katika hesabu nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye huo usiku. Mlipokuwa mnapokea wageni wa jioni tu, mpango wenu ulitosha: baba anashika mchana, mama anashika jioni, bibi anashika alfajiri. Mabasi yamebadilisha saa zake, ninyi hamkubadilisha mpango, na pengo lililotokea likazibwa kwa mtu mmoja kimyakimya, akiwa wewe. Hili hutokea sana katika biashara za familia, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu aliitwa akaambiwa, "Kuanzia leo wewe ndiye mlinzi wa usiku." Mtu huamka mara ya kwanza kwa hisani, mara ya pili kwa mazoea, na mara ya kumi anaulizwa kwa nini alichelewa kufungua.

Mna njia mbili, na mnaweza kuzichanganya. Ya kwanza ni kugawana usiku. Mume wako ashike kuanzia saa 4 hadi saa 8, wewe kuanzia saa 8 hadi mama mkwe atakapoamka saa 11, na wiki inayofuata mbadilishane. Mgeni wa saa 9 awe amepiga simu mapema, na kwenye kibao cha getini pawe na namba ya simu pamoja na maneno kwamba baada ya saa 5 usiku hupokelewa aliyeweka nafasi tu. Mtawapoteza baadhi ya wageni, sikufichi. Lakini mgeni aliye ndani ya basi anayo simu, na anayetoka Dar es Salaam ana safari ndefu ya kutosha kupiga.

Ya pili ni kuajiri mtu mzima wa mapokezi ya usiku. Hapa ndipo hesabu ambayo hamjafanya inapohitajika. Tuchukue kwa mfano kwamba vyumba 5 kati ya 9 vinapata watu: hiyo ni shilingi 100,000 kwa usiku na 3,000,000 kwa siku 30. Kabla ya kusema hamuwezi kumlipa mtu, chukueni kile kitabu cha wageni, mhesabu majina ya miezi mitatu iliyopita, na muone ni wangapi walioingia baada ya saa 5 usiku. Kama ni watatu kwa wiki, gawaneni usiku wenyewe. Kama ni watatu kwa kila usiku, basi hao ndio watakaomlipa mtu wenu, na fedha yake ni mapato ya siku chache tu za mwezi. Mkimwajiri, mwandikieni mkataba, asizidishe saa 45 za kawaida kwa wiki, na kwa zile saa za usiku sheria ya ajira inamtaka mwajiri aongeze isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Nataja hili kwa sababu nimeona familia nyingi zikichukua kijana kutoka kijijini, zikampa godoro nyuma ya kaunta na kumwita ndugu, na baada ya miezi minne ndugu anaondoka na mauzo ya Jumamosi.

Mama mkwe nisingependa umwone adui. Neno lake kwamba unafuma chini ya taa ya gesti linauma, lakini ndani yake mna swali la haki: saa ambazo mtu yuko zamu ni za nani? Swali hilo linamhusu na yeye. Kwa miaka mingapi amekanda chapati alfajiri bila ujira wowote? Mkikaa kikao, na lazima mkae, usianze na fedha zako za kufuma. Anza na chapati zake. Pendekeza kwamba kila anayefanya kazi katika nyumba ile alipwe posho inayojulikana, hata kama ni ndogo, bibi akiwa wa kwanza, kisha wewe, kisha mume wako, na kinachobaki ndicho kiitwe faida ya nyumba, cha kupaka rangi, kununua magodoro na kulipa kodi. Mzee aliyezoea kuishi ndani ya kapu moja ataona kama mnagawana ukoo. Mpe muda. Akishika posho yake ya kwanza mkononi, ambayo haombi wala haelezi ameitumiaje, mazungumzo yatakuwa rahisi kidogo. Ukishalipwa kwa zamu yako, mnaweza pia kukubaliana kwamba kinachofumwa zamuni ni chako maadamu geti linafunguliwa kwa wakati, kama vile mlinzi asivyonyang'anywa redio.

Yale mashuka 12 yaandike. Chukua daftari jipya, andika tarehe, idadi, bei, na neno "kutoka fedha za kufuma", umwonyeshe mume wako, aweke sahihi. Ni deni la gesti kwako, au ni mchango wako. Mtaamua wenyewe jina lake, ila lisibaki hewani. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Sikutajii shauri hilo ili ufikirie talaka, hasha, na tena nyumba yenu aliijenga baba mkwe, kwa hiyo mambo yake yana warithi na hayafanani na ya Bi Hawa. Nakutajia ili ujue kwamba hata mahakama zetu ziliona zamani kuwa kazi isiyo na risiti ni kazi. Wewe unaweza kuwa na risiti, basi uwe nayo.

Sasa sindano. Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana hesabu umeileta wewe. Sweta lako linauzwa 30,000, uzi 14,000, zinabaki 16,000 kwa saa 25, yaani shilingi 640 kwa saa. Kofia na soksi zinauzwa 10,000, uzi 2,000, zinabaki 8,000 kwa saa 5, yaani shilingi 1,600 kwa saa. Tofauti ni mara mbili na nusu. Sweta la mtoto unashindana na mashine za kufumia masweta ya shule, na mashine haisinzii. Waachie. Fuma sweta kwa oda tu, kwa bei inayolipa saa zako, na mteja akiguna mwache agune.

Kofia na soksi za watoto wachanga zina wateja wanaolala kwako. Familia zinazokwenda Bugando kwa ajili ya uzazi hutoka Geita, Simiyu, Kagera na visiwani, na wengi hufungasha kwa haraka. Mtoto mchanga hupoteza joto upesi, zaidi aliyezaliwa kabla ya wakati, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake, ndiyo maana kofia ni ya lazima hata katika mji wenye jua kama Mwanza. Fuma na saizi ndogo, vitanzi 56 au 60 badala ya 72, kwa hao waliowahi. Tumia uzi laini usiotoa manyoya, usitie vifungo wala shanga, kwa kuwa mtoto hushika na kutia kinywani, na pitisha kila kofia kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kuiuza. Ziweke kwenye kabati dogo la kioo hapo mapokezi, bei imeandikwa, ili mgeni asione haya kuuliza.

Kuhusu kazi yenyewe kugongana na geti: usiku fuma kile ambacho mikono inakijua, na maua na mistari ya rangi uyaache mchana. Mtu akibisha, itikia kwanza kwa sauti, "Naja!", kisha malizia safu kama imebaki kidogo, kwa maana kitanzi hudondoka pale kazi inapoachwa katikati ya sindano. Kama huwezi kumaliza, kila sindano ichomeke kizibo cha chupa kwenye ncha. Na zisiachwe kwenye kochi! Nililala gesti moja Kirumba miaka ya nyuma, nikakalia sindano ya mwenye nyumba, namba 3, na mpaka leo nikiingia mapokezi yoyote napapasa kiti kwanza.

Halafu kuna zile safu tatu za mama wa Ukerewe. Umenisimulia habari yake bila kuuliza swali, na nadhani ni kwa sababu hukujua usiku ule uuweke upande gani wa daftari. Usiuweke popote. Ila mwambie mume wako habari hiyo, kwa kuwa anaamini sindano zinakuondoa kwa wageni, na huyo alikuwa mgeni, naye alikuja mapokezi kwa sababu pale palikuwa na mtu macho, mwenye shughuli ya mikono, asiyemuuliza maswali. Safu zilizokazwa huacha mkunjo kwenye kofia, hivyo huwezi kuiuza kwa bei kamili. Mimi nisingeiuza.

SWALI

Shangazi, naendesha loji ndogo ya vyumba 6 Bukoba pamoja na mke wangu, ambaye hufuma sana. Anataka kila kitanda kiwe na blanketi la kufuma badala ya yale ya dukani, na kila kiti kiwe na kitambaa cha kroshia. Nampenda, lakini naogopa. Nimwambieje?

Mume wa Mfumaji, Bukoba

JIBU

Mwambie kuhusu mvua, kisha mwache aamue mwenyewe. Bukoba hupata mvua nyingi kuliko miji mingi ya Tanzania, karibu mara mbili ya Mwanza, na blanketi la kufuma likilowa huwa zito kama gunia, hulichukua siku mbili au tatu kukauka katika miezi ya masika, na lisipokauka vizuri hutoa harufu ambayo mgeni ataikumbuka kuliko mandhari ya ziwa. Kinachogusa mwili wa mgeni kinapaswa kufuliwa kila mgeni anapoondoka, kwa hiyo shuka liwe la pamba, na blanketi liwe jepesi, linalokauka kwa siku moja.

Hata hivyo usimnyime kitanda chote. Afume kipande kirefu cha kutandika miguuni tu, upana wa sentimita 60 hivi, kwa uzi wa akriliki unaovumilia kufuliwa, viwili kwa kila chumba ili kimoja kiwe kwenye kamba na kingine kitandani. Vikifuliwa visining'inizwe, kwa sababu uzito wa maji huvirefusha. Vitandazwe juu ya jamvi penye upepo. Visipigwe pasi ya moto, kwani akriliki hulainika na kulala kama karatasi, na visikae karibu na jiko.

Vitambaa vya viti vya mapokezi, mruhusu. Vya vyumbani hapana: mgeni huvitumia kupangusia viatu, nawe utalaumiwa kwa kumleta mgeni huyo.